Msiba wa Fundi Pole

Fundi Pole alikuwa ameshavuka mtaro na anaikaribia kona, mkewe alipotokea mlangoni na ufagio mkononi, akamwita kama anayeita mwizi.

"Mzee! We mzee! Unakwenda wapi na kapu langu la sokoni?"

"Narudi sasa hivi!"

"Sijakuuliza kurudi, nimekuuliza kwenda!"

Hakugeuka. Mtu mzima akianza kujibu maswali barabarani, safari haimaliziki. Akaongeza mwendo, kapu amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai, na juu yake ametupia koti lake la kazini. Chini ya koti alikuwamo Maranda, mtoto wa mbwa ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Alikuwa ametapika tangu alfajiri mpaka akaishiwa cha kutapika, na bado akawa anajaribu.

Kufika kwa daktari wa mifugo ilikuwa lazima kupita mbele ya mchomeleaji. Huyu alikuwa fundi wa mageti na madirisha, karakana yake ikitazamana na ya Fundi Pole, barabara katikati. Mmoja aliunda milango ya kuwafungia watu wakiwa hai, mwenzake aliunda ya kuwafungia wakishamaliza. Utani baina yao ulikuwa haujapoa hata siku moja.

"Fundi Pole! Kapu la nini? Umeacha majeneza, unauza nyanya?"

"Msumeno. Naupeleka kunolewa."

Kapu likalia. Kilio chembamba, cha chini kabisa, kama bawaba iliyokosa mafuta. Mchomeleaji akapandisha miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso.

"Mbona msumeno wako unalia?"

"Ndiyo maana naupeleka," akasema fundi, akakunja kona.

Aliona aibu kama aliyeshikwa na kuku wa jirani. Si kwa sababu ya uongo, maana mafundi na uongo ni ndugu wa tumbo moja. Aliona aibu kwa sababu mwenyewe ndiye aliyetangaza mtaa mzima kwamba yeye si mtu wa mbwa. Tangu siku ile wenye msiba walipokuja kuchukua jeneza lao wakakuta ndani yake katoto ka mbwa kamelala juu ya maranda ya mbao, kamejikunja kama mwenye nyumba, fundi alikuwa akieleza bila kuulizwa: amemweka kwa ajili ya panya. Panya walimpita Maranda miguuni wakasalimiana naye. Fundi akabadilisha: amemweka kwa ajili ya wezi. Sasa mwizi gani anayeiba jeneza?

*

Kwa daktari kulikuwa na benchi moja. Fundi alikaa katikati ya mtu mwenye mbuzi na mama mwenye kuku, kapu mapajani, akajitahidi kuonekana kama aliyetumwa na mtu mwingine.

Daktari alikuwa binti wa rika la mkamwana wake. Alimtoa mgonjwa kapuni kwa mikono miwili.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mgonjwa, mzee."

Fundi akamtazama mwenye mbuzi. Mwenye mbuzi akatazama dari, mtu muungwana.

"Mbwa tu huyo. Hana ji... Maranda," akasema.

Kusikia jina lake, yule mdogo akainua mkia, ukapiga meza mara moja, ukalala. Fundi alikohoa bila kikohozi.

"Amechanjwa?"

"Daktari, mimi mwenyewe sikuchanjwa vizuri, na unaniona nilivyo."

"Nakuona," daktari akasema, kwa sauti ambayo fundi hakuipenda hata kidogo.

Akamfungua mdomo, akabonyeza ufizi, akanusa tambara alilokuwa amefungiwa. Akasema ni ugonjwa wa matumbo, unaowashika watoto wa mbwa wasiochanjwa na kuwakausha maji mwilini. Dawa ya kuuua wenyewe hakuna. Wanachoweza ni kumwongezea maji na kumzuia kutapika, mwili wake upigane. Wapo wanaopona.

"Na huyu?"

Daktari akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu.

"Umechelewa kidogo kumleta."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pole sana, mzee."

Hapo ndipo fundi alipojikuta amekaa upande mwingine wa neno lake mwenyewe. Maana jina la Fundi Pole hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu kila mteja aliyeingia karakanani, hata kabla hajapata pa kukaa, fundi alifuta mikono kwenye suruali akasema: "Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa. Urefu wake ulikuwaje?" Yote kwa pumzi moja. Walevi wa mtaa walimwigiza wakicheka mpaka wakakaa chini, naye alijua, wala hakujali, kwa kuwa aliamini maneno yale yana kazi. Sasa aliyapokea mwenyewe, na aliona jinsi yalivyo mepesi. Ni kitu unachompa mtu mkononi ili usilazimike kumgusa.

*

"Kapu langu la sokoni," mkewe akasema, ameshika kiuno. "Kapu ninalotilia mboga, wewe umetilia mbwa anayeharisha."

"Nitaliosha."

"Utaliosha wewe? Wewe ambaye kikombe chako tu hukaa mezani mpaka kinaota mizizi?"

Lakini alishamwona mgonjwa, na ukali wake ukapungua nusu. Akachemsha maji, akayapoza, akatia ile dawa ya chumvichumvi ya daktari. Kisha akamwita mkamwana wao, mke wa mwana wao wa pekee aliyekuwa safarini na lori la watu. Mkamwana alikuwa na mimba pevu, amebakiza siku za kuhesabu, na kila harufu ilikuwa ugomvi kwake.

"Wewe mwanangu, kusanya nguo zako uende kwa shangazi yako mpaka nyumba hii ipate hewa. Uchafu huu na tumbo hilo havikai pamoja."

"Mama, Maranda atapona?"

"Muulize baba mkwe wako. Yeye ndiye mtaalamu wa wasiopona."

Fundi alihamia karakanani na mgonjwa wake. Alimnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni ya mdomo, jinsi alivyoelekezwa. Huku akinywesha alimzungumzisha, kwa kuwa mtu hawezi kukaa kimya saa zote hizo kama gogo. Alimweleza bei ya mbao ilivyopanda. Alimweleza mwana wake wa lori asivyopiga simu. Alimwambia akipona atamchanja kila chanjo iliyoko duniani, hata ya ng'ombe. Mlangoni pakisikika hatua, alikuwa anashika randa haraka na kuanza kulainisha ubao uliokwisha kulainika tangu jana.

Siku ya pili mchana akaja mteja, mama mnene aliyejifunga kitambaa cheusi, amefiwa na mjomba.

"Pole sana, kazi ya Mungu haina makosa," fundi akaanza, na macho yake yakaenda kwenye kona, juu ya rundo la maranda. "Urefu wake..."

Mbavu za mgonjwa kwenye kona ile zilikuwa hazipandi. Alisubiri zipande. Yule mama alikuwa anaeleza kwamba mjomba alikuwa mrefu, ila uzeeni aliinama, sasa hajui apimwe kwa urefu upi. Fundi alisubiri tena. Kisha kidevu chake kikaanza kutetemeka peke yake, kama kidevu cha mtu mwingine, na machozi yakateremka yakaingia kwenye masharubu yenye unga wa mbao.

"Jamani fundi!" yule mama akasema. "Kumbe ulimjua mjomba?"

"Hapana," fundi akasema. Akaona hilo halielezi kitu. "Ndiyo," akasema.

"Alikuwa mtu mwema."

"Sana."

"Ila mdomo wake tu."

"Hakuwa mtu wa kubweka ovyo," fundi akasema, akajifuta kwa mkono wa shati. Yule mama alimtazama kidogo, kisha akamshika bega. Alitoka pale akimweleza kila aliyekutana naye, akianzia kwa mchomeleaji, kwamba watu wanamcheka fundi yule bure. Ana roho. Amelia kama mtoto.

*

Mkewe alipopata habari alisimama mlangoni kwa kitambo bila neno la kejeli, jambo ambalo kwake ni sawa na mtu mwingine kutangaza maombolezo. Akaosha sakafu kwa dawa, akafungua madirisha yote, akaenda kwa shangazi kumrudisha mkamwana.

"Mtie kwenye gunia umzike nyuma ya karakana," akasema akiondoka. "Na ukoge. Unanuka kama yeye."

Gunia lilikuwapo. Fundi alilikunjua, akaliangalia, akalikunja. Akajiambia atapigilia kijisanduku, basi, kama cha kutilia sabuni. Akachagua mabaki ya ubao. Mabaki yakawa mafupi, akachukua ubao mzima. Akapima kwa shubiri. Akakata. Ila mikono ya fundi ni kama punda wa maji, inajua njia moja. Yeye akiwaza sanduku la sabuni, mikono iliunda kilichokaa vidoleni kwa miaka yote: pana mabegani, nyembamba miguuni, kifuniko chenye mgongo. Alipozinduka lilikuwa limekamilika, jeneza dogo safi kuliko yote aliyowahi kuunda, viungo vimekaa hata unywele hauingii.

"Mjinga mkubwa wewe," akajiambia. "Mbwa hana mabega."

Lakini alishalipiga msasa, na ubao uliopigwa msasa kuuacha bila vanishi ni kumwacha mtu nusu uchi. Akalipaka. Vanishi inataka hewa. Akalitoa nje, akaliweka juu ya benchi la barabarani likauke, naye akaingia ndani kukoga. Baada ya kukoga alikaa kitandani avae soksi. Alikuwa hajalala tangu juzi. Soksi moja iliingia, usingizi ukamwahi ya pili.

Sasa, jeneza kubwa mtaani lina maswali: nani, lini, wapi. Jeneza dogo halina maswali. Mtu huliona, akainamisha macho, akapita. Mchomeleaji aliliona, akaizima mashine yake. Akakumbuka fundi amelia mchana. Akakumbuka mkamwana mwenye tumbo hajaonekana tangu jana, na mke wa fundi alipita mbio amejifunga kiunoni, uso umemwiva. Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Akafunga karakana yake, akabeba mabenchi yake mawili, akavuka barabara nayo. Kisha akampigia simu mtu aliyemjua mkwe wa fundi, mama mzazi wa mkamwana, kwa kuwa aliona haifai mtu kusikia habari kama hizo kwa wapita njia.

*

Fundi alipotoka, mguu mmoja na soksi na mmoja bila, alikuta wanaume wamejaa mbele ya karakana yake, wamevua kofia. Alidhani mjomba wa yule mama ameletwa.

Mchomeleaji akasimama. Hakuwa na utani usoni, na uso wake bila utani ulikuwa mgeni kabisa. Akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili yenye makovu ya cheche.

"Pole sana, kaka yangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Ni kweli kwamba wakati ule ule fundi angeweza kusema. Neno lilikuwapo, fupi, rahisi. Lakini tangu asubuhi hakuna aliyemshika mkono, na mkono ule ulikuwa mzito na wa moto. Akalia mbele ya kadamnasi, akiwa amevaa soksi moja, nao wakamkalisha, wakampa maji. Mmoja akamwambia wazazi bado ni vijana, watajaliwa mwingine. Fundi akatikisa kichwa kukataa, kwamba mwingine hataki. Wakaelewana kwamba ni uchungu.

Kila alipojikusanya aseme, mtu mpya alifika na kumkumbatia. Akajiambia, huyu akimaliza nasema. Baada ya huyu, nasema. Akawa kama aliyepanda mti kwa pupa na sasa anaangalia chini.

Pikipiki ikasimama. Mkwe alishuka kabla haijasimama vizuri, upande mmoja wa mtandio begani, mwingine ukiburura chini, akaja moja kwa moja akapiga magoti mbele ya lile sanduku.

"Mjukuu wangu! Hata simu, mkwe? Hata simu moja hamkunipigia?"

"Mkwe," fundi akasema. "Mkwe wangu, ngoja..."

"Niambie tu jambo moja. Wa kiume au wa kike?"

Fundi alikuwa amechoka, na swali lilikuwa la wazi.

"Wa kiume," akasema.

Mkwe akapiga yowe lililowainua njiwa kwenye paa. Wanawake wawili wakamshika mikono. "Wa kiume! Na alifanana na nani? Na mama yake? Mwanangu yuko hali gani?"

Hapo fundi akaona ardhi imekwisha. Akasimama.

"Mkwe, ni mbwa."

"Unasemaje?"

"Aliyekufa. Ni mbwa wangu. Maranda."

Mtu mmoja nyuma akarudisha kofia kichwani, polepole, kama anayetumaini hakuonekana akiivua. Mchomeleaji akafungua mdomo na kuuacha hivyo hivyo. Na kama kwamba aibu haijatosha, ndipo mke wa fundi alipotokea kwenye kona na mkamwana, tumbo mbele, mfuko wa nguo kichwani.

"Jamani," mkamwana akauliza, "nani kafa?"

Mkwe alimkimbilia binti yake, akamshika tumbo, akamshika mashavu, akamshika tumbo tena. Alipogeuka, kiatu kilikuwa kimeshahama mguuni kipo mkononi.

"Umemwekea mwanangu jeneza mlangoni! Bado hajajifungua, umeshamwekea jeneza mlangoni, na la vanishi!"

"Mkwe, mikono tu..."

"Livunje. Nikiwa nimesimama hapa. Usipolivunja namchukua mwanangu, na mjukuu utamsikia kwa watu."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama jeneza, akamtazama mumewe, akasema kwa sauti ya chini, "Na mabega umemwekea? Ewe mzee." Akaingia ndani.

Fundi akachukua nyundo. Kifuniko kilitoka, lakini viungo havikutoka. Alipiga, alikwangua, alitia patasi. Ubao ulilia na kukaa palepale. Maisha yake yote aliwaambia wateja kwamba kazi yake haiachii, na sasa iligoma kuachia mbele ya watu wote, yeye akitoka jasho na machozi bila kujua lipi ni lipi. Mchomeleaji akaja na mtaimbo. Wakavuta wawili, mmoja huku, mmoja kule, kama watu wanaogombea mbuzi.

"Kwa nini umelikaza hivi?" mchomeleaji akanong'ona.

"Nilikuwa sifikiri."

"Ungefikiri lingekuwaje?"

Mkamwana ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia kwa kiganja, ikashindikana, akashika mgongo na kucheka mpaka mama yake akaogopa uchungu umeanza. Kicheko kikaambukiza benchi moja hadi jingine. Watu walicheka kama watu waliohitaji kucheka tangu zamani, na ubao wa kwanza ukaachia kwa kishindo katikati ya kicheko hicho. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti na ule ubao mkononi.

Mkamwana akanyamaza. Akaja, akainama kwa shida.

"Baba. Ulimpenda."

"Mimi si mtu wa mbwa."

"Najua, baba."

*

Walimzika nyuma ya karakana, jua likiwa bado juu. Mkewe alitoka na kipande cha shuka, si lile zuri, ila lilikuwa limefuliwa. Mchomeleaji alichimba. Wengine walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja, bila kuaga, maana hakuna aliyejua kinachosemwa. Waliobaki walisimama wameficha mikono.

Mkwe alibaki mbali, ukutani. Shimo lilipofukiwa alisogea.

"Ni mbwa tu, mkwe."

"Ni mbwa tu," fundi akakubali.

"Nilipofika ulikuwa unalia kama mtu. Niliamini kwa sababu ya kilio chako, si kwa sababu ya sanduku." Akavaa kiatu chake vizuri. "Kweli mjukuu ungemlilia hivyo?"

Fundi alifikiri.

"Sijui, mkwe. Naomba nisijue."

Mkwe alimtazama. Kisha akaenda kumsaidia binti yake kufunga nguo.

Alimchukua jioni ile ile, jeneza kuvunjwa au kutovunjwa. Mkamwana alijifungulia kwa mama yake, mtoto wa kike, bila shida yoyote, na walirudi mtoto alipoweza kukaa. Mwana wa lori alizisikia habari hizo akiwa bado njiani, kwenye mji mwingine, zikisimuliwa na madereva asiowajua, akacheka sana kabla hajatambua ni baba yake. Mkwe huja kila baada ya muda. Hali chakula karakanani wala haketi upande wa benchi.

Mchomeleaji alipata eneo kubwa zaidi, akahama. Daktari alihamishwa. Yule mama wa kitambaa cheusi alimzika mjomba, akalipa, hakuwahi kurudi, ingawa mtu humwombea asirudi. Wateja walipungua kwa kipindi, wengine wakisema fundi ana mikosi. Baadaye wakaongezeka, kwa kuwa watu hufa na fundi mwingine yuko mbali. Mbao za lile sanduku zilitumika kutengenezea rafu ya jikoni, na mke wa fundi ameipangia sufuria. Haijalegea.

Fundi hakufuga mbwa mwingine. Ukimuuliza, atakwambia karakana haina nafasi. Nafasi ipo.